Darajani na maji yake: shajara ya modeli ya marikiti

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo kazi imeanza. Nimelaza plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 juu ya vigogo viwili pale karakanani kwangu Mwembetanga, hapa Unguja, nikapiga mstari wa penseli kutoka kichwani hadi mguuni. Mstari ule ni barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo watu wazima wengi bado tunaiita Creek Road. Kushoto kwake Mji Mkongwe, kulia Ng'ambo.

Chanzo cha kazi hii ni suali la mpwa wangu. Mwezi uliopita tulisimama mbele ya marikiti, lile soko kuu la Darajani, tukingoja gari, yeye na mkoba wake wa skuli, mimi na kikapu cha samaki. Akaniuliza, "Mjomba, Darajani ni daraja gani? Mbona silioni?" Nikamwambia daraja lilikuwapo, na chini yake ilipita bahari. Akaitazama lami, akayatazama magari, akanyamaza. Hakuniamini, na mimi sikuwa na cha kumwonesha.

Nimeamua kumfanyia kitu atakachokigusa: modeli ya marikiti pamoja na Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari uliougawa mji na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Kipimo ni 1 kwa 200, yaani mita mbili za mji ni sentimita moja ya ubao. Kwa hesabu hiyo plaiwudi yangu inabeba mita 488 kwa urefu na 244 kwa upana. Pwani Ndogo yote, kutoka Funguni mpaka Mnazi Mmoja, ni zaidi ya kilomita moja, haitoshi hapa. Nitachukua kipande cha kati, marikiti ikae upande wa kusini wa ubao na maji yaingie kutoka kaskazini, kama yalivyoingia kweli.

Nataka yawe maji ya kweli. Kioo kilichopakwa rangi ya buluu sikitaki. Mtoto akiona kioo ataona kioo.

Mwalimu mkuu wa skuli yake amekubali kuipokea ikimalizika.

Jumatano, 15 Januari

Kabla ya kukata chochote lazima niamue ni mwaka gani ninaoujenga, kwa sababu mahali hapa pamebadilika mara nyingi.

Marikiti ilijengwa mwaka 1904, wakati wa Sultani Ali bin Hamud. Wenyewe tunaiita Marikiti Kuu. Kwenye maandishi ya zamani utaikuta kwa jina la Estella. Kabla ya hapo soko la mji lilikuwa kule mbele, ubavuni mwa Ngome Kongwe, karibu na bahari kubwa na majahazi. Kulihamishia nyuma ya mji, ukingoni mwa Pwani Ndogo, kulikuwa jambo kubwa. Mimi naona kulibadilisha hata uso wa mji: soko lililokuwa likitazama bahari sasa likatazama shamba. Muhogo, ndizi, nazi na majimbi vikawa vinakuja kwa gari za ng'ombe na za punda kupitia Ng'ambo, vinavuka daraja, vimefika. Mtu wa Ng'ambo naye akawa hana haja ya kuupita mji mzima kutafuta kitoweo.

Maji hayakuondoka siku moja. Upande wa Mnazi Mmoja ulifukiwa mwanzo, na huku kaskazini kazi ikamalizika miaka ya 1950. Kwa hiyo kipo kipindi cha miongo kadhaa ambapo marikiti na maji vilikaa pamoja, na hicho ndicho ninachokitaka. Nimechagua miaka ya 1920. Mwaka 1923 mtaalamu wa mipango miji kutoka Uingereza, Lanchester, alikuwa tayari ameshauandikia mji huu mpango, na Pwani Ndogo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomshughulisha.

Ramani niliyoitazama zaidi ni ya zamani kuliko hiyo: ile ya nahodha Mfaransa Guillain ya mwaka 1846. Ndani yake mji ni kama kiganja kilichonyooshwa baharini, na nyuma yake maji yamezunguka, umebaki mkanda mwembamba tu wa ardhi upande wa kusini. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Tunasema "Mji" na "Ng'ambo" kila siku, na ng'ambo ni upande wa pili wa maji, lakini nani siku hizi anapovuka taa za barabarani anahisi kwamba amevuka?

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya kupima. Nimefika Darajani baada ya sala ya alfajiri, na mpwa wangu kashika daftari.

Nimejifunza jambo moja kwa haraka: mtu mwenye tepu marikitini ni mtu wa khofu. Nilivuta tepu mita tano tu kwenye ukuta wa banda la samaki, muuza samaki mmoja, wa changu, akaacha kisu. "Kaka, unapima nini? Tunahamishwa?" Wenziwe wakageuka. Wapo waliokwishahamia soko la Jumbi, wapo waliokwenda la Mwanakwerekwe, na kila mmoja aliyebaki hapa amewahi kusikia kwamba zamu yake inakuja. Nikaikunja tepu, nikasalimu upya, nikaeleza: ni modeli, ya mbao, ya watoto wa skuli. Hawakuridhika mpaka mpwa wangu alipolifungua daftari akawaonesha mchoro wake wa marikiti, wenye paka watatu chini ya meza. Yule wa changu akacheka. "Paka umewapatia idadi." Akaifuta mikono, akashika ncha ya pili ya tepu, na tangu hapo kazi ikaenda mbio. Kila nilipofika palikuwa na mtu wa kunishikia.

Tulisimama pia kutazama mnada. Dalali alikuwa mtu mfupi, kofia imerudi nyuma ya kichwa. Samaki walilazwa mbele yake juu ya saruji iliyolowa: nguru mmoja mrefu, tasi waliotungwa kwenye ukuti, pweza wamerundikana kama nguo zilizofuliwa. Yeye haonekani kumtazama mtu yeyote usoni. Anaitazama mikono. Mtu akiinua kidole kidogo, bei inapanda. Mwengine akigusa kofia, inapanda tena. Kisha sauti yake inashuka ghafla, anautupa mkono upande mmoja, na nguru ameshakwenda. Mpwa wangu aliniuliza nani kanunua. Sikumwona. Mwenyewe alikuwa kashamshika nguru mkiani anaondoka.

Tumepima banda la samaki, banda la nyama, ukumbi wa kati na milango yote. Ule upande wa nyuma unaouzwa mboga na matunda umetushinda kwa leo, matenga yamejaa mpaka njiani. Tutarudi Ijumaa wakati wa sala, watu wakipungua.

Ijumaa, 31 Januari

Nyuma pamepimika. Nusu saa tu ilitosha.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimewakalisha wazee wawili pamoja, na wamegombana.

Wa kwanza ni ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Amezaliwa Kokoni, hatua chache kutoka marikiti, na anakaribia miaka 80. Wa pili ni bibi mmoja anayeuza tungule na ndimu. Yeye ni wa Vikokotoni, upande wa pili. Wote wawili waliyaona maji wakiwa watoto, mmoja kutoka huku, mwengine kutoka kule.

Ami alisema maji yakijaa yalikuwa yanafika karibu na ukuta wa marikiti, na yeye alikuwa akikaa na kijiti anawatoa kaa. Bibi akamkata kauli. "Wewe ulikuwa mdogo, kila kitu kilikuwa karibu. Palikuwa na barabara kati ya soko na maji, na gari zikipishana." Ami akasema barabara ilikuwapo lakini nyembamba. Bibi akasema yeye alipita juu yake na ndoo kichwani, hakupita juu ya maneno. Nikatia chai, nikatia na kashata, wakatulia.

Walipokubaliana ilikuwa juu ya harufu. Maji yakipwa, Pwani Ndogo ilibaki tope jeusi, na taka zote za mji zilikuwa wazi chini ya jua. Bibi alisema mama yake alikuwa akifunga dirisha la upande ule mpaka maji yarudi. Hakulisikitikia fukio hata kidogo. Ami alilisikitikia. Nimeandika maneno ya wote wawili, na ninataka modeli iyabebe yote: maji yaliyojaa na tope lililobaki. Ndiyo maana lazima maji yapande na yashuke.

Kisha bibi akasema kitu ambacho nimekaa nacho kutwa nzima. "Wewe unatafuta bahari ilipita wapi? Si usome mitaa?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. Funguni: fungu la mchanga linalozuka maji yakipwa. Mchangani. Vikokotoni kwao, penye vikokoto. Darajani. Kisiwandui: kisiwa cha ndui.

Nimeyasema majina haya tangu nizaliwe. Nimeyasema kwa makondakta, kwa wateja, kwenye mialiko ya harusi. Ukiyapanga kwa mstari unapata ukingo wa bahari, pamoja na fungu lake, mchanga wake, kokoto zake, daraja lake na kisiwa chake, katikati ya mji mkavu. Ramani nimekwenda huko na huko kuitafuta, kumbe ilikuwa mdomoni mwangu.

Usiku nimeandika majina hayo kwenye vijibao vidogo vya mninga, herufi nimezichoma kwa msumari wa moto. Yatakaa ukingoni mwa modeli, na yale ambayo mitaa yake iko nje ya ubao nitayawekea mshale.

Jumapili, 23 Februari

Kupima usawa wa ardhi kwa mpira wa maji, ule wa fundi mwashi, mmoja anashika huku na mwengine kule. Tumekwenda alfajiri kabla ya magari. Kutoka milango ya marikiti ardhi inainama kidogo kuelekea barabarani, halafu inainuka tena kidogo ukiingia Vikokotoni. Kwa macho huoni kitu. Ndani ya mpira unaona.

Bibi na ami wote wana haki kidogo. Nimeuweka ukingo katikati ya maneno yao.

Jumamosi, 1 Machi

Suala la Mkunazini. Kwa kipimo changu, upande wa kusini-magharibi wa ubao unafika lilipo Kanisa Kuu la Anglikana. Rafiki yangu mmoja, seremala mwenzangu, amenishauri niukate ubao hapo, nibakie na marikiti na maji. "Hii ni ya watoto," alisema.

Nimelifikiri kwa siku nne na nimekataa. Mahali pale palikuwa soko pia. Watu waliuzwa pale, waliotolewa bara kwa miguu na kuvushwa kwa majahazi, mpaka Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Mwaka huohuo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapohapo, na Askofu Steere akasimamia ujenzi. Miaka 31 baadaye marikiti ikafunguliwa umbali ambao mtu anautembea bila kutoka jasho. Waliokuja kununua muhogo mwaka 1904 wapo walioukumbuka mnada ule mwengine kwa macho yao, na pengine wapo waliosimamishwa juu yake. Siwezi kuwatengenezea watoto modeli ya masoko ya mji huu nikaliruka hilo kwa sababu limeangukia pembeni mwa ubao. Mpwa wangu ana miaka 11. Walikuwapo wa umri wake.

Mnara wa kanisa nimeuchonga leo, na kiwanja chake nimekiacha kitupu, bila mti wala mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Mwezi wa Ramadhani. Mchana ni kazi za wateja tu, na mikono inakwenda polepole. Modeli naishika baada ya tarawehe, karakana ikiwa imepoa.

Nyumba za Kokoni na Mkunazini nazijenga kwa boksi gumu. Nilianza kuzikata kwa kukisia, zikawa zinakaa kama maboksi ya viatu, hazifanani na mji. Kosa nimelipata nilipokumbuka boriti. Nyumba zetu za mawe zilijengwa dari zake kwa boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka mbali, mita 3 hivi basi. Kwa hiyo kila chumba cha mji huu, cha tajiri na cha masikini, kina upana wa boriti. Tajiri alikiongeza urefu tu, au akaongeza vyumba. Kwa kipimo changu hiyo ni sentimita moja na nusu. Nikazikata upya zote kwa vipande vya sentimita moja na nusu, nikaviunganisha ubavu kwa ubavu, na mji ukajitokeza wenyewe mezani, na vichochoro vyake vilivyopinda.

Kisha lipu. Kwa haraka zangu nilikoroga saruji laini nikapaka nyumba sita. Usiku wa tatu zikaanza kupasuka, na kwenye nyumba moja ukuta mzima ulivuka kama ganda la yai. Nilikereka sana, lakini si jambo la kushangaza, kwa sababu ndilo tunaloliona kwenye nyumba zenyewe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inazuka, na siku moja lipu inaanguka kwa vipande vikubwa. Fundi anarudi na saruji nyengine. Nimeona nyumba zilizouawa hivyo, na wenyewe walidhani wanazitunza.

Nimekwenda kwa fundi mmoja wa zamani, shamba, kumwomba chokaa. Amenipa ndoo ya chokaa iliyolala majini muda mrefu, laini kama siagi, ukiichota kwa mwiko haitaki kuanguka. Akanieleza namna walivyokuwa wakifanya tanuri: magogo ya minazi na mikoko yanapangwa kwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, moto unawaka mpaka jiwe linakuwa jepesi mkononi. Halafu linatiwa maji, linachemka lenyewe bila moto, linafura, linavunjika. "Chokaa haitaki mtu mwenye safari," aliniambia.

Nimeipaka kwa brashi ya rangi za watoto, nyembamba, mara tatu, kila mara nikingoja ikauke. Boksi likijikunja kwa unyevu, chokaa inakwenda nalo. Mpaka leo hakuna ufa. Marikiti nayo nimeimalizia kwa niru, ile chokaa laini ya kumalizia ukuta, na chini ya taa ya karakana ina ule weupe wa nyumba zetu ambao rangi ya kopo haiutoi.

Jumanne, 1 Aprili

Sikukuu ya pili. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo bahari iko kwenye bamvu, yaani inajaa sana na kupwa sana. Nimeona hii ndiyo siku ya kumwonesha mtoto maji kabla sijamtengenezea.

Asubuhi, saa nne, tulikuwa ufukweni upande wa Funguni. Maji yamepwa, mitumbwi imelala ubavu, watu wanatembea palipokuwa na kina. Tukaondoka, tukarudi saa kumi alasiri. Bamvu la kwetu lina saa zake: hupwa saa nne na hujaa saa kumi, mchana na usiku. Mahali alipokuwa amesimama asubuhi maji yangemfunika na kupita, kwani kutoka kupwa hadi kujaa bahari yetu hupanda karibu mita 4 siku kama hizi. Akaniuliza maji yote haya zamani yalikuwa yanakwenda wapi. Nikamgeuza mabega, akaelekea Darajani. "Huko."

Hapo ndipo aliponiamini, naona. Hakusema kitu ila alitembea mbele yangu njia nzima, anaangalia chini.

Jioni tukaenda Mnazi Mmoja kwenye sikukuu. Watoto na nguo mpya, mabembea, urojo, bastola za plastiki, vumbi jepesi juu ya taa. Nikakaa na shangazi yake pembeni na nikawa ninawaza kwamba hawa wote wanacheza kwenye kitanda cha Pwani Ndogo. Hapa pia palikuwa maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Trei la maji. Fundi bati amenikatia na kulikunja, nami nikalitia ndani ya ubao kwa mwinamo, kaskazini chini, kusini juu, ili maji yaingie kutoka Funguni na yatoke kwa kurudi hukohuko. Chini yake nimepaka tope la kweli lililochanganywa na gundi. Nje ya ubao kuna ndoo ya lita 10 iliyoning'inizwa kwa kamba juu ya roda, na mpira unatoka kitako cha ndoo hadi kwenye trei. Ukiivuta kamba ndoo inapanda, na maji yanaingia. Ukiilegeza inashuka, na maji yanarudi ndani. Hakuna pampu, hakuna umeme. Mita 4 za bahari kwa kipimo changu ni sentimita 2, lakini kitanda cha Pwani Ndogo kilikuwa juu, ndiyo maana kilikauka. Kwa hiyo mbele ya marikiti maji yangu yanafika nusu ya hapo tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Trei limevuja usiku. Nyumba tisa za ukingoni mwa Ng'ambo zimelowa, zimelala chini. Kiungo cha kona ndicho kilichoachia. Nimeliondoa trei lote.

Alhamisi, 24 Aprili

Masika imekaza. Asubuhi mvua ilipiga bila kupumzika, nikashuka gari Darajani nikajikinga kwenye baraza la duka pamoja na watu wengine kiasi cha kumi.

Maji yakaanza kukusanyika barabarani. Sikuyatazama hivihivi kama siku nyengine. Nilikuwa na vipimo vya ule mpira kichwani. Yalituama palepale ardhi ilipoinama, yakatanda kwa urefu wa barabara, kaskazini na kusini, yakaacha vikavu viwili: huku marikiti na kule Vikokotoni. Mtu mmoja wa gari ya kusukuma akasimama ukingoni na magunia yake ya mbatata, hajui aingie asiingie. Kwa muda wa robo saa Pwani Ndogo ilikuwapo, na sisi tulikuwa upande wa Mji tukitazama Ng'ambo.

Nimepiga picha nne. Ukingo wa maji kwenye picha uko karibu zaidi na alipousema bibi kuliko nilipouweka mimi. Nimesogeza mstari wangu milimita nane.

Jumamosi, 3 Mei

Daraja, mara ya tatu.

La kwanza nililiinua kama upinde, zuri kulitazama. Ami alikuja karakanani, akalitazama, akachukua gari yangu ndogo ya ng'ombe niliyoichonga, akajaribu kuipandisha. "Ng'ombe gani huyu? Na mzigo wa nazi nyuma?" Nikalivunja. La pili lilikuwa chini mno, maji yakijaa yanaligusa. Hili la tatu nimelichonga kutoka kwenye picha moja ya zamani, na gari inalipita bila kusukumwa. Limechukua wiki nzima na halizidi urefu wa kidole changu.

Trei jipya limekaa siku kumi na maji ndani yake. Ubao wa chini ni mkavu. Nyumba za Ng'ambo nimezijenga upya, safari hii za udongo na makuti, kama zilivyokuwa nyingi kipindi kile. Zile za mwanzo nilizifanya za mawe kwa mazoea tu. Kuvuja kumenisaidia kulirekebisha hilo.

Jumamosi, 17 Mei

Leo ami na bibi wamekuja pamoja kuiona. Bibi alileta ndimu.

Nikampa ami kamba ya ndoo. Aliivuta taratibu, mikono miwili, kama anayepandisha tanga. Maji yakaingia kutoka kaskazini, kwanza ulimi mwembamba tu kwenye tope, halafu yakatanda, yakapita chini ya daraja, yakasimama mbele ya marikiti. Hakuna aliyesema kitu. Ami akaweka kidole chake ukutani mwa marikiti, karibu na maji lakini si ndani yake, akaupima kwa jicho ule umbali.

"Barabara ilikuwapo," akasema.

Bibi akajibu, "Nilikwambia." Halafu akamwomba aishushe ndoo, anataka kuona tope.

Jumatatu, 26 Mei

Imefika skuli salama, kwa gari ya mizigo, mimi nimekaa nyuma nikiishika kama maiti asitikisike. Mlango wa darasa ulikuwa mwembamba kuliko ubao kwa sentimita mbili, tukaling'oa fremu upande mmoja, nitalirudisha kesho.

Mpwa wangu ndiye aliyewaeleza wenziwe. Hakueleza kuhusu 1904 wala Sultani. Alisoma vijibao, kimoja kimoja, kwa sauti: Funguni, Mchangani, Vikokotoni, Darajani. Kisha akavuta kamba. Watoto kama arubaini walisogea mpaka meza ikalia.

Mmoja akauliza kile kiwanja kitupu karibu na kanisa ni cha nini, mbona hakina watu. Mwalimu akaniangalia. Nikamwambia mtoto akae, nikamweleza polepole, mpaka mwisho.

Msichana mmoja wa mbele, anayekaa Kisiwandui, alikiona kijibao cha mtaa wao kina mshale unaoelekea nje ya meza. "Sisi hatumo?" Nimemwambia ubao uliishia hapo. Jioni nimepita duka la mbao kuulizia bei ya plaiwudi ya pili, ya kuunganisha kusini mpaka Mnazi Mmoja.